Kuhama, Kuhamia, na Chungu wa Mwanangu

Neno chungu lina milango mingi. Kuna chungu cha kupikia, ambacho wingi wake ni vyungu. Kuna chungu iliyo sifa ya shubiri, ya mwarobaini na ya maneno ya mtu aliyekasirika. Kuna chungu ya wingi, tunayoitumia tunapokuta madeni chungu nzima pale tulipotarajia akiba. Na kuna chungu mdudu, yule wa miguu sita anayelijua kila bakuli la sukari kuanzia Lamu hadi Lindi. Huyu wa mwisho hana umbo la wingi: chungu mmoja, chungu elfu, ni kitenzi tu kinachotuambia kama amepita au wamepita. Nadhani wengi wenu, watunzi wenzangu, mna walau ubeti mmoja mliowahi kuutunga kwa kulizungusha neno hili, na kama hamna basi mmewahi kujaribu.

Mwanangu aliliingilia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa na miaka saba alipomwandikia bibi yake wa Tanga ujumbe wa simu: "Vyungu vyangu vinalala." Bibi akajibu kwa sauti, akicheka hadi akakohoa, akitaka kuelezwa kama ni vyungu vya wali au vya mchuzi, na ni nani huyo aliyevibembeleza vikalala. Ikanibidi nimpigie mama, nimwamkie, kisha nimweleze kwamba mjukuu wake, aliyezaliwa Hamburg na ambaye Kijerumani ndicho kinachomjia kwanza mdomoni, anafuga chungu ndani ya kioo. Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwafuga chungu? Sisi huku twawamwagia majivu."

Jikoni kwa mama, miguu minne ya kabati la chakula imesimama ndani ya vikopo vinne vya maji ili chungu wasipande. Mwanangu aliposikia habari ya vikopo hivyo alifurahi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa wafugaji wa chungu nao hutumia maji kuwa mpaka. Wengine hukoroga poda na spiriti, wakaipaka kwenye ukingo wa chombo, na ikishakauka chungu akiikanyaga anateleza na kuanguka. Elimu ni ile ile. Bibi anawazuia wasiingie, mjukuu anawazuia wasitoke.

Malkia mwenyewe tulimwokota uani, katika mtaa wa Altona, alasiri moja ya Julai 2022, siku ya joto baada ya mvua. Siku kama hizo chungu weusi wa bustani, ambao wataalamu wanawaita Lasius niger, hutoa majike na madume wenye mbawa. Wakaruka kwa maelfu, wakapandana angani, na jioni ukipita barabarani unakuta majike wakitembea chini wakiwa wamezing'oa mbawa zao wenyewe. Aliyekulia kwetu na kuwaona kumbikumbi baada ya mvua anaijua mandhari hiyo, ingawa kumbikumbi ni wa ukoo wa mchwa, na mchwa si chungu hata macho yakitudanganya vipi. Mwanangu alimtia mmoja ndani ya mrija wa kioo wenye maji nusu, pamba ikiyazuia maji upande mmoja na pamba nyingine ikiziba mlango. Humo malkia alikaa gizani wiki kadhaa bila kula, akitaga na kulea wafanyakazi wa kwanza kwa akiba ya mwili wake, ikiwemo misuli ya mbawa ambazo hatazihitaji tena. Mbegu za kiume alizozipokea siku ile moja ndizo zitakazomtosha maisha yake yote. Na maisha hayo si mafupi: yuko malkia wa aina hii aliyefugwa Ujerumani akaishi zaidi ya miaka 28. Mwanangu alipiga hesabu papo hapo. Malkia wake akifikisha umri huo, yeye atakuwa na miaka 35.

"Na wewe, Mama?"

Nikamwambia ale chakula chake.

Ninawaeleza haya kwa sababu ya lugha. Mzazi anayelea mtoto ughaibuni kwa Kiswahili anajua jinsi lugha inavyorudi nyuma kidogo kidogo, kama maji yanavyokupwa. Kwanza inatoka shuleni, kisha inatoka kwenye michezo, kisha inabaki kwenye chakula, maamkizi na makaripio. Chungu walikuwa jambo la kwanza ambalo mwanangu alitaka kulisema kwa Kiswahili bila kuombwa, kwa sababu alitaka kumsimulia bibi, na bibi hana Kijerumani. Basi tukaanza kutafuta maneno. Buu tulikuwa nalo, na mabuu yake. Kifukofuko tulikipata kwenye kamusi, na mwanangu akakipenda kwa jinsi kinavyotamkika. Nyumba ya chungu, ile ya jasi yenye vyumba vilivyochongwa na kufunikwa kioo, wafugaji wa huku wanaiita kwa jina la Kilatini refu. Sisi tukaiita kichuguu, neno ambalo lilikuwepo tangu mababu likingoja kazi. Sehemu ya wazi ambako chungu hutoka kula tukaiita ua.

Neno lililotushinda ni malkia. Mwanangu alilikataa. Alisema malkia ni mtu anayetoa amri, na huyu hatoi amri yoyote: hawatumi wafanyakazi popote, hachagui njia, haamui vita. Anataga tu. Nilipomwuliza angependa tumwite nani, alijibu kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi: "Mama." Tangu hapo ndani ya nyumba yetu kuna mama wawili, na nikimsikia akisema "Mama hajala leo" hunibidi kuuliza ni yupi.

Bibi naye, ambaye alianza na majivu, akawa chanzo cha habari. Yeye ndiye aliyemsimulia majimoto, wale chungu wekundu wa juu ya miti wanaomfanya mkwezi ashuke kabla ya wakati wake. Mwanangu akaenda kuwatafuta vitabuni na kurudi na makubwa: kwamba wanashona majani yakawa nyumba, kwamba sindano yao ni buu hai, ambalo mfanyakazi hulishika mdomoni na kulipitisha huku na huku likitoa uzi wa hariri; na kwamba pwani yetu, Zanzibar na bara, majimoto huilinda minazi dhidi ya kunguni anayefyonza nazi changa zikapukutika. Alimpigia bibi kumweleza. Bibi akasema hilo la kunguni halijui, lakini mnazi wenye majimoto huzaa vizuri, hilo analijua na marehemu babu alilijua. Walizungumza dakika arobaini. Nilikaa kwenye korido nikisikiliza.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 baba yake na mimi tulikubaliana kuachana. Hapakuwa na kelele. Tulikuwa kama watu wawili waliochoka kupandisha kabati moja ngazi nne kila siku. Yeye, ambaye ni mtu wa Mombasa na anafanya kazi ya zamu bandarini, angebaki Altona. Mimi nilipata nyumba ndogo Harburg, kusini, ng'ambo ya mto Elbe, kwa kodi niliyoweza kuilipa. Mtoto angelala kwangu siku za shule na kwa baba yake mwisho wa juma. Tulimketisha tukamweleza kwa maneno tuliyokuwa tumeyapanga. Hakuuliza swali lolote juu yake mwenyewe. Aliuliza juu ya chungu.

"Wanaweza kugawanywa? Nusu kwa Baba, nusu kwetu?"

Jibu alikuwa analijua; ni yeye aliyenifundisha. Kundi la Lasius niger lina mama mmoja tu. Ukitenga nusu ya wafanyakazi, wataendelea na shughuli zao kana kwamba hakuna kilichotokea: watasafisha, watalisha mabuu waliyobaki nayo, watalinda mlango. Lakini hapatakuwa na mayai mapya isipokuwa machache ya wafanyakazi wenyewe, ambayo hayakurutubishwa na hutoa madume tu, na madume hawafanyi kazi ya nyumba. Nusu hiyo itapungua polepole hadi abaki mmoja anayelinda mlango wa nyumba tupu.

"Hawagawanyiki," nilisema.

"Najua. Nilitaka kusikia utasema nini."

Baba yake ndiye aliyelimaliza. "Nawaende na mamako," alisema. "Mimi na zamu hizi za usiku nitawasahau, wakauke." Kisha akatoka kwenda kuvuta sigara ambayo alikuwa ameiacha miaka sita.

Mwezi Mei mwaka huo huo zilitufikia habari za Nairobi. Mahakama ilikuwa imewatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja vijana wawili wa Ubelgiji, wenye umri wa miaka 19, waliokamatwa Naivasha wakiwa na malkia takribani 5,000 wa chungu, wengi wao wakiwa wale wakubwa wavunaji wa mbegu, Messor cephalotes, ambao wafugaji wa Ulaya na Asia huwanunua kwa bei kubwa. Mwanangu aliitazama picha muda mrefu. Mirija ilikuwa kama ule wake: maji, pamba, na ndani mama mmoja. Ameshika msimamo mkali tangu mwanzo kwamba mtu afuge chungu wa mahali anapoishi, anayeweza kumkuta kwenye ua wake mwenyewe, na nilidhani atalizungumzia hilo. Alisema tu, "Hawa hawakuhama. Walihamishwa." Hakuwa akijaribu kutunga chochote. Ila mimi, ambaye nimefundisha minyambuliko ya vitenzi kwa miaka mingi, nilienda nayo kauli hiyo kazini na nikarudi nayo.

Nawageukia chungu wenyewe na safari yao, maana ilikuwa na ufundi wake. Wachukuzi tuliokuwa tumewakodi walisema wangeliweka sanduku la chungu nyuma ya lori pamoja na vyombo vingine. Mwanangu alikataa, na alikuwa na hoja. Lori lililofungwa mwezi Agosti ni tanuri. Kichuguu cha jasi huloweshwa maji ili chungu wasikauke, na kikitikiswa na kupata joto, maji hugeuka mvuke, mvuke hugeuka matone juu ya kioo, na tone moja linatosha kumzamisha buu. Na kuna jambo ambalo sikulijua kabisa. Chungu hawa hawana mwiba. Silaha yao ni asidi wanayoirusha kutoka ncha ya tumbo, asidi ya fomiki, ambayo imepewa jina la chungu mwenyewe kwa Kilatini. Wakishtuka wote kwa pamoja ndani ya chombo kisichopitisha hewa, mvuke wa asidi hiyo huwarudia na kuwaua. Sumu ya woga wao wenyewe. Nilimwambia mwanangu kuwa hilo linastahili shairi, akasema kinachostahili kwanza ni matundu ya hewa.

Basi tuliacha kukilowesha kichuguu siku tatu kabla. Tukaondoa sahani ya asali ili isimwagike. Jioni ya mwisho, wawindaji walipokuwa wamerudi ndani, tukaziba mlango kwa pamba, tukakifunga kichuguu kwa taulo jeusi, tukakiweka ndani ya kikapu chenye kifuko cha barafu kilichoviringishwa kanga mbili ili baridi isigusane na jasi. Kanga zilikuwa za mama yangu. Moja ina jina linalowasema majirani, na sikumsomea mtoto.

Lori likaenda kwa njia yake na sisi tukapanda treni ya S3. Mwanangu alikaa na kikapu mapajani, mikono miwili juu yake, akiinuka kidogo kila treni ilipotikisika, kama mtu aliyebeba supu. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu akauliza kwa upole kama ndani kuna paka. Mwanangu akanigeukia na kuninong'oneza, "Mama, usimwambie." Alininong'oneza kwa Kiswahili. Miaka mingi nilikuwa nimemsihi anisemeshe Kiswahili ndani ya treni, na alikuwa akiona haya. Nikamjibu yule mama kwamba hapana, si paka, na tukavuka mto.

Walifika wazima. Tatizo lilianzia hapo.

Kichuguu cha zamani kilikuwa kimewaelemea. Kundi lilikuwa limefika labda elfu moja, na jasi imeanza kupata ukungu. Tulikuwa tumenunua kingine kikubwa, na mwanangu alipanga kuhamia kwao kuende sambamba na kwetu. Mtu asiyejua angedhani ni kuwamwaga humo kwa kijiko. Wafugaji wanaonya kwamba kuwamwaga ni kuwaumiza: watavunjika miguu, mabuu yatatawanyika, na mama anaweza kuacha kutaga kwa fadhaa. Kinachofanywa ni kuviunganisha vichuguu viwili kwa mpira mwembamba, kuacha cha zamani kikauke na kupata mwanga, kukitia kipya unyevu na giza, kisha kungoja. Wataondoka wakitaka. Wengine huondoka usiku ule ule. Wengine huchukua mwezi.

Wetu walikaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Walitoka kupitia mpira, wakazunguka kichuguu kipya, wakapapasa kila ukuta kwa vipapasio vyao, wakarudi nyumbani kwenye mwanga na ukavu. Mwanangu naye hakufungua kasha hata moja. Alilala juu ya godoro katikati ya makasha yake manne, nguo akizitoa kwenye mkoba wa shule. Nilipomwambia apange chumba chake, alinijibu kwa adabu kwamba anangoja.

Ndipo nilipoanza kukiwaza kile kitenzi. Kuhama ni kutoka. Ukisema "nimehama Altona", umetaja ulipopaacha na hujasema lolote kuhusu unakokwenda. Kuhamia ni kuingia: "nimehamia Harburg". Kati ya kuondoka na kufika, Kiswahili kimeweka irabu moja tu, i ya kauli ya kutendea, nasi hutamka vitenzi hivyo viwili kana kwamba ni tendo moja lililofanywa kwa lori moja asubuhi moja.  Neno la kawaida la Kijerumani la kuhama ndilo hilo hilo la kubadili nguo, na mwanangu aliwahi kumchekesha bibi kwa kumwambia kuwa chungu wake watavaa upya. Nilikuwa na mtoto aliyekwisha kuhama na bado hajahamia. Alikuwa ndani ya ile irabu. Na kauli ya kutendesha, kuhamisha, ndiyo niliyokuwa nimeitumia mimi na baba yake, tukiwa tumekaa naye sebuleni, kwa nia njema kabisa.

Nilisoma usiku, kwa kukosa usingizi. Nikakuta kwamba kuna chungu wadogo wa Ulaya, jamii ya Temnothorax, wanaoishi ndani ya nyufa za mawe na kokwa zilizotobolewa, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol wamewachunguza miaka mingi namna wanavyohama. Nyumba ikivunjika, wapelelezi wachache hutafuta mahali. Aliyepaona pazuri harudi kuwabeba wenzake. Anamchukua mmoja tu na kumwongoza kwa miguu, huyo wa nyuma akimgusa wa mbele kwa vipapasio. Asipomgusa, wa mbele anasimama na kungoja hadi mwenzake amalize kuitazama njia. Mwaka 2006 Nigel Franks na Tom Richardson waliandika katika jarida la Nature kwamba huko ni kufundisha kwa maana kamili ya neno, kwa kuwa anayeongoza anapoteza muda wake ili anayefuata ajifunze. Idadi ya walioko mahali papya ikishatosha, ndipo wanapoacha kuongozana na kuanza kubebana, mwendo ambao ni wa kasi kama mara tatu. Chungu wetu hawako hivyo. Wao huandika njia kwa harufu. Siafu nao wana yao, kwani hawajengi nyumba ya kudumu, na huhama mama na mabuu na wote, wakikaa mahali kwa muda na kuondoka. Kwao kitenzi ni kuhamahama, na sidhani kwamba kinawauma.

Siku ya tisa nilitunga ubeti, kama wafanyavyo watu wa aina yetu wakiishiwa na la kufanya:

Nyumba tumeshaihama, tumewabeba na chungu,
Mama yao amegoma, haujali wito wangu,
Nawe mwana wasimama, wameza yako machungu,
Kuhamishwa si kuhama, hilo najua mwanangu.

Nilimsomea. Alihesabu mizani kwa vidole, kwa sababu nimemlea hivyo, akakiri kuwa ni nane kwa nane. Kisha akaukosoa mshororo wa pili. "Hajagoma," alisema. "Hakuna aliyemwambia ahame. Wao wanaangalia kwanza." Nilimwuliza wanaangalia nini. Akafikiri. "Kama giza la huku ni zuri." Nimeuacha mshororo kama ulivyo kwa ajili ya vina, lakini nawaambieni kwamba mhakiki ana haki.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi, na mtoto alikuwa kwa baba yake. Saa tano kasoro usiku nilienda kunywa maji, nikatazama kwa taa nyekundu tuliyoiweka pale, maana chungu hawaioni vizuri rangi nyekundu. Mpira ulikuwa mweusi. Walikuwa wamejaa humo toka mwanzo hadi mwisho, na kila anayekwenda upande wa kulia alikuwa na kitu cheupe mdomoni.

Nilipiga simu. Alipokea mwenyewe kabla haijalia mara ya pili. Nikaelekeza kamera, lakini kwa mwanga ule haikuonyesha kitu ila ukungu mwekundu, na taa ya kawaida nisingethubutu kuiwasha. Akaniambia kwa Kijerumani nieleze basi. Nikaanza kueleza, na sikujua sauti niliyoitoa nimeipata wapi hadi baadaye: ni ile ya watangazaji wa mpira wa Radio Tanzania, niliyoisikiliza utotoni nikiwa chini ya meza ya baba. Anatoka mmoja na buu kubwa, anapita kona, anakutana na mwenzake, wanapapasana, anampisha, anaendelea. Wawili wameshika kifukofuko kimoja, mmoja anavuta kulia, mwingine anavuta kushoto, hawaelewani, kimekwama, nyuma foleni. Kimekwamuka! Nikasikia kicheko cha watu wawili upande wa pili.

"Mama yuko wapi?" akauliza. Sasa kwa Kiswahili.

"Yupi?"

"Mama wa chungu, Mama!"

Alikuwa mlangoni pa kichuguu cha zamani, mkubwa mara mbili ya wenzake, amezungukwa. Hawakumbeba. Alitia kichwa ndani ya mpira, akakitoa. Akakitia tena. Nikayasema hayo yote. Mtoto hakupumua. Nikasikia baba yake akisema polepole, "Mwache, asiharakishwe." Kisha mama akaingia mzima, tumbo likigusa kuta za mpira pande zote, na wale waliokuwa wakija kutoka mbele wakarudi kinyumenyume kumpisha, nami nikatangaza kila sentimita hadi alipotokea ng'ambo, kwenye giza, na kupotea kwenye kona ya kwanza.

"Amehamia?"

"Amehamia."

"Na mabuu?"

"Bado yanabebwa."

"Usikate simu."

Nikavuta kiti. Ilipofika saa nane usiku walikuwa bado wanapita, na upande wa pili sauti za kupumua zilikuwa mbili, moja nzito na moja nyepesi.

Jumapili jioni alirudi, akakitazama kichuguu kipya dakika chache tu, akaenda chumbani akafungua kasha la vitabu. Matatu mengine yangali yamefungwa ninapoandika haya. Kichuguu cha zamani hatujakitoa, kwa sababu kuna chungu kama ishirini waliorudi humo na hawataki kutoka, na mwanangu amesema wasisumbuliwe. Mwezi Oktoba tutawashusha wote kwenye stoo ya chini, penye baridi, walale hadi Machi. Bibi ameshaulizia kama watafunikwa.